Mashine Haijambo

Magomeni, Dar es Salaam
3 Machi 2025

Mzee wangu Haidar Kibwana,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Ramadhani karimu.

Hunifahamu. Jina langu ni Shamsia Abdullatif, mmoja wa watu wanaojitolea kutengeneza Kurunzi, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta yako. Anwani yako ya barua pepe nimeikuta kwenye orodha ya waliochukua Kurunzi ya kompyuta za zamani, zile za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya biti 32. Nimewaandikia wote waliomo humo. Barua nyingi zimenirudia kwa kuwa anwani zimekufa, ila yako haikurudi, ndiyo maana naamini upo.

Habari yenyewe ni hii. Ifikapo tarehe 30 Juni tutaacha kuihudumia prosesa hiyo. Kompyuta yako haitazima siku hiyo, itawaka kama kawaida. Lakini hatutatoa tena toleo jipya la kwake, na kitu kikiharibika hakuna atakayekitengeneza. Baada ya muda barua pepe zitaanza kugoma, kisha magazeti ya mtandaoni, kisha vingine. Wenzetu wa nje, ambao sisi tunajenga juu ya kazi yao, walishaacha. Sisi ni wachache na hatuwezi kuubeba mzigo huo peke yetu.

Naomba kujua kama bado unaitumia kompyuta hiyo, na kwa kazi gani. Ukinipa namba ya simu nitakupigia tuzungumze vizuri zaidi.

Wako katika kazi,
Shamsia Abdullatif

*

Mlingotini, Bagamoyo
6 Machi 2025

Mwanangu Shamsia,

Waalaykum salaam, marahaba sana. Sisi huku hatujambo, funga inakwenda vizuri, na mashine nayo haijambo. Natumai nawe na wazazi wako mu wazima wa afya.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Nawashukuru kwa miaka yote mliyotuhudumia bila kutudai hata senti. Mungu awazidishie.

Umeuliza kazi ya kompyuta hii. Mimi ni fundi redio, au nilikuwa, kabla watu hawajaacha kutengenezesha redio. Kompyuta niliikuta imetupwa nyuma ya ofisi moja mjini Bagamoyo, nikaichukua, nikaifufua. Nia yangu ilikuwa mke wangu, Bi Hajra. Macho yake yalizimwa na presha ya macho, naye ni mtu anayependa kusomewa kuliko kula. Ndani ya Kurunzi mliweka ile programu inayosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Basi ndiyo inayomsomea magazeti na barua za watoto. Sauti yake ni ya kiume, kavu kavu, na mwenyewe ameipa jina: Bwana Bati. Amejifunza na kibodi. Nikienda shamba au msikitini simwachi peke yake, namwacha na Bwana Bati.

Kwa hiyo mwanangu, kama kuna namna yoyote ya kusogeza hiyo tarehe, nakuomba. Kama haipo, basi, nimeshukuru hivyo hivyo.

Simu tuiache. Mtandao huku ni wa kusuasua. Tuandikiane tu.

Mzee wako,
Haidar Kibwana

*

Magomeni
9 Machi 2025

Shikamoo mzee wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye kiti, nikaisoma tena nimesimama.

Nikueleze tunavyoamua mambo. Tuna jedwali la ripoti za hitilafu. Mtu akipata tatizo anatuandikia, nasi tunaliingiza mahali pake. Prosesa inayolalamikiwa sana tunajua ina watu. Mstari wa biti 32 haukuwa na ripoti hata moja kwa miaka miwili, nasi tukasema pale hapana mtu. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikasema hivyo.

Jana nimefungua kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Kompyuta yetu hutupa humo barua zote za shukrani ili zisituzibie njia. Nimekuta barua zako humo, Mzee Haidar. Kila tulipotoa toleo jipya, uliandika. "Huku hatujambo. Mashine haijambo. Mungu awazidishie." Hakuna aliyekujibu hata mara moja, nami naona aibu.

Sasa naomba uniambie kweli. Hiyo mashine haina tatizo lolote kabisa? Kama lipo, liandike kwa mpangilio huu: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini, tangu lini, na uzito wa tatizo, mdogo au mkubwa. Usione haya. Kwetu sisi malalamiko ndiyo dalili ya uhai.

Binti yako,
Shamsia

*

Mlingotini
13 Machi 2025

Mwanangu Shamsia,

Marahaba. Hatujambo.

Umenipa mtihani. Jirani akikuletea bakuli la futari, humwambii chumvi imezidi. Unakula, unaosha bakuli, unalirudisha na kitu kidogo ndani, unasema ahsante. Nyinyi mmenipa mfumo mzima bure, halafu nikae nihesabu kasoro zake? Nililelewa vingine.

Lakini umeniomba, na wewe ni kama mwanangu, basi:

Nilifanya nini: Nilimfungulia mke wangu gazeti.
Nilitarajia nini: Bwana Bati asome mpaka mwisho.
Kilitokea nini: Husoma aya mbili tatu kisha hunyamaza. Hasemi tena mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Mke wangu akiwa peke yake huinuka, hupapasa ukuta mpaka kwenye swichi, huzima, huwasha, hurudi kukaa na kuanza upya.
Tangu lini: Toleo la mwaka juzi.
Uzito: Mdogo.

Tafadhali msisumbuke nalo.

Jambo moja zaidi. Habari ya tarehe 30 Juni sijamwambia Bi Hajra. Amemzoea sana Bwana Bati, kila nikimuuliza husema "nzuri sana". Sitaki funga yake iingie huzuni. Nitajua la kufanya.

Haidar Kibwana

*

Magomeni
22 Machi 2025

Shikamoo mzee wangu,

Nimelia kwa ajili ya neno "mdogo". Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimeipeleka ripoti yako kikaoni, nikaisoma yote.  Najim, anayetuongozea kikao, akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: hata tukitaka, nani ataifanya hiyo kazi? Hakuna aliyenyoosha mkono zaidi yangu, na mimi peke yangu sitoshi. Sikufichi, mzee. Tarehe imebaki palepale. Lau ungelilalamika mwaka juzi, prosesa yako ingeongezewa mwaka, pengine miwili. Si zaidi ya hapo. Lakini mwaka mmoja wa Bi Hajra si kitu kidogo, na tumeupoteza kwa kutokufungua barua.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, hitilafu ya sauti nimeitafuta mpaka nimeiona, na nimeirekebisha. Toleo la mwisho la biti 32 litatoka wiki ijayo, na halina kipya chochote isipokuwa hicho. Limetengenezwa kwa ajili ya nyumba yako tu. La pili, nimepata kompyuta nyingine, imetumika lakini si ya zamani, na Kurunzi itaihudumia miaka mingi inshallah. Bwana Bati hawezi kuhamia humo. Aliyemtengeneza alimtengeneza kwa prosesa za zamani tu, na hatumpati tena. Humo kuna sauti nyingine, ya kike.

Nitakuja kuileta mwenyewe baada ya Idd. Tafadhali mwambie Bi Hajra kabla sijafika, isiwe mimi ndiye nitakayemfikishia.

Binti yako,
Shamsia

*

Magomeni
14 Aprili 2025

Shikamoo mzee wangu,

Nilifika nyumbani salama juzi. Mwambie Bi Hajra kwamba yule pweza wake wa nazi amenifanya niwe na maneno mengi kwa mama yangu, na mama amenuna.

Lakini moyo wangu haujatulia, bora niseme. Kwenye barua wewe ni mtu wa maneno, tena maneno matamu. Juzi ulinipokea mlangoni ukaweka mkono kifuani, ukatikisa kichwa, na karibu siku nzima ikawa ni hivyo. Nilipokuuliza juu ya nyaya ulinionyesha kwa kidole. Nilipokuomba umsomee Bi Hajra kipande cha gazeti, ili alinganishe sauti ya mtu na ile sauti mpya, uliinuka ukaenda uani na hukurudi mpaka nilipokuwa naaga.

Nimejua nimekukera. Nimekuondolea kitu ulichokifufua kwa mikono yako, kisha nikaja kukufundisha nyumbani kwako kitu cha kuwekwa badala yake. Kama nimekukosea, naomba radhi.

Pia nimeona Bi Hajra aliishika ile kompyuta mpya kama mtu aliyeletewa zawadi asiyojua ni ya nani. Ulimwambia?

Shamsia

*

Mlingotini
17 Aprili 2025

Mwanangu Shamsia,

Marahaba. Hatujambo sote.

Hukunikera. Ondoa hilo moyoni. Ulikuja kwa heri na ukaondoka kwa heri.

Nilimwambia Bi Hajra kuwa umetuletea mashine ya akiba. Yaliyobaki nitamwambia polepole.

Lile toleo la mwisho nimeliweka. Bwana Bati sasa anasoma mpaka mwisho, hanyamazi. Mungu akulipe.

Kompyuta mpya haijambo.

Haidar Kibwana

*

Mlingotini
2 Mei 2025

Kwa Shamsia,

Assalamu alaykum mwanangu. Ni mimi Hajra binti Ausi, mama yako wa Mlingotini. Naandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, na Bwana Bati ananirudishia kila neno ninaloandika. Kwa hiyo ukiona makosa ujue tumekosea wawili. Mume wangu, mwalimu wangu wa kibodi, yuko shamba Fukayosi kwa nduguye, nina nafasi.

Kwanza, nilijua tangu mwezi wa Machi. Anadhani nafungua barua za binti yetu Biubwa tu. Mimi nafungua kila kilichoingia na kilichotoka, nina kazi gani nyingine? Barua yako ya kwanza nilisomewa na Bwana Bati. Alinisomea habari ya kifo chake mwenyewe bila hata kukohoa. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Halafu nikangoja mume wangu aniambie. Mpaka leo nangoja.

Pili, hakukununia. Mume wangu ana kigugumizi. Anacho tangu utotoni. Mbele ya mgeni ndiyo kabisa, herufi zinamkaba. Alinichumbia kwa barua, na wateja wake wa redio walisoma bei kwenye kikaratasi. Ukimwomba asome gazeti kwa sauti mbele yako, ni sawa na kumwambia avue shati. Ndiyo maana alikimbilia uani. Ndiyo maana mtandao huku ni wa kusuasua kila unapotaja simu. Mtandao wetu hauna tatizo lolote.

Tatu ndiyo iliyonikalisha hapa. Macho yangu yalipozima, alianza kunisomea. Kila siku baada ya alasiri tunatandika mkeka ukumbini, anachukua gazeti. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, wewe hujui. Ukurasa mmoja ulitufikisha magharibi. Neno likimkwama namsikia anavuta pumzi, anajaribu, anajaribu tena, halafu linatoka na sote wawili tunapumua. Mwanangu, nilikuwa napenda. Habari zenyewe nilikuwa sizijali. Mtu huyu ambaye hasemi mbele ya watu alikuwa anakaa anasema mbele yangu, kila siku, kwa hiari yake.

Kisha akaniletea mashine. Jasho linamtoka kwa furaha. Akaiwasha, Bwana Bati akasoma ukurasa mzima kwa pumzi moja, naye akaniuliza, "Vi-vipi?" Ningemwambia nini? Mtu amekutafutia kitu miezi mingapi. Nikasema nzuri sana. Tangu siku ile hajafungua gazeti mbele yangu. Yeye anajua amenipumzisha na kigugumizi chake. Mimi nilidhani amejipumzisha na mimi. Ni juzi juzi tu, nilipomsikia alivyokimbilia uani, ndipo nilipofahamu kwamba anaona haya. Bado anaona haya kwangu! Miaka yote hii!

Usije ukanielewa vibaya. Mashine naitaka. Biubwa wangu ameolewa Tanga, na yapo mambo mtoto wa kike humwandikia mama yake ambayo baba hana haja ya kuyasoma. Huyo mwanamke uliyemleta ndani ya kompyuta mpya namkaribisha, ingawa anasoma kama mtu wa bara aliyechelewa basi. Lakini kompyuta yake imefunikwa kitambaa tangu ulipoondoka. Mume wangu amekuandikia haijambo. Ni kweli haijambo, haijawashwa tena. Anashinda anamtengeneza Bwana Bati, anatafuta namna ya kumfanya aishi baada ya Juni, kwa sababu anaamini ndiye ninayempenda.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Nikifungua kinywa, inatoka ileile "nzuri sana". Tumezoeana vibaya kwa adabu. Sasa nimesikia kwenye barua zako kwamba wewe ndiye unayepokea malalamiko. Nami ninalo. Nimefuata mpangilio wako.

Nilifanya nini: Nilinyamaza.
Nilitarajia nini: Ajue mwenyewe.
Kilitokea nini: Aliamini nimeridhika, akaacha kunisomea. Halafu akanitafutia sauti bora zaidi, na bora zaidi.
Tangu lini: Tangu siku Bwana Bati alipoingia nyumbani.
Uzito: Mkubwa.

Mpelekee anayehusika.

Mama yako,
Hajra

*

Magomeni
3 Mei 2025

Shikamoo mzee wangu,

Jana nimepokea ripoti ya hitilafu kutoka Mlingotini. Utaratibu wetu ni kwamba ripoti ikifika, hupelekwa kwa mwenye uwezo wa kuitengeneza. Nimeisoma vizuri. Si ya prosesa, wala si ya Kurunzi, na katika watu wetu wote hakuna anayeweza kuigusa.

Naiambatanisha pamoja na barua iliyokuja nayo, bila kupunguza neno. Mwenyewe ameagiza nikufikishie.

Na mimi, kwa upande wangu, nakuomba radhi kwa lile gazeti. Sikujua.

Shamsia

*

Mlingotini
1 Julai 2025

Mwanangu Shamsia,

Marahaba. Nimechelewa sana kukujibu. Hata kwenye maandishi, ambako siku zote maneno hunijia, safari hii hayakuja.

Barua ya mke wangu niliinakili kwenye karatasi, nikaisoma nikiwa nimejificha stoo kwenye redio mbovu, kama kijana. Kisha nikakaa na siri yangu, naye akakaa na yake, na kila mmoja anajua kuwa mwenzake anajua. Tulikunywa chai hivyo Mei yote. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Kusoma mbele ya mtu ambaye hajui unavyojisikia ni jambo moja. Kusoma mbele ya mtu aliyekungoja miaka yote hiyo ni jambo lingine kabisa.

Kompyuta mpya niliiwasha mwezi uliopita. Bi Hajra na yule mwanamke wameanza kuelewana, ingawa wanagombana juu ya majina ya watu. Jina la Biubwa analitamka kama jina la dawa. Hilo ni lalamiko, liingize kwenye jedwali lako. Uzito wa kati.

Jana ilikuwa tarehe thelathini. Bwana Bati nilimzima mwenyewe. Bi Hajra alisimama kando yangu, mkono wake juu ya ile kompyuta, akasikiliza feni yake mpaka ilipotulia. Akasema, "Mungu amlaze pema, alikuwa msomaji." Nikacheka, naye akacheka.

Baada ya alasiri nikatandika mkeka ukumbini, nikachukua gazeti. Sikumwambia neno. Alisikia karatasi, akaja, akakaa.

Habari ya kwanza ilianza na "Mkurugenzi", na mimi na maneno ya namna hiyo hatujawahi kuelewana. Nikakwama palepale. Nilijaribu, nikajaribu, shingo ikanitoka mishipa. Yeye hakunimalizia neno. Watu wote maishani mwangu wamenimalizia maneno, wakidhani wananisaidia. Huyu hakunimalizia. Alikaa tu ananingoja, mpaka Mkurugenzi akatoka. Nikaendelea. Nilipoona ninaweza nikaongeza mwendo, nikaruka hapa na pale ili nifike mwisho haraka, nimwondolee adha.

Nikamaliza. Nikakunja gazeti. Nikamuuliza kama nilivyokuwa nikimuuliza siku zote, vipi?

Akasema, "Mbaya. Umekimbia, na umeniruka maneno. Unadhani nakwenda wapi mimi? Rudi mwanzo."

Nikalikunjua gazeti, nikarudi mwanzo.

Mzee wako,
Haidar Kibwana